Mfano mpya wa Mount Gelai, injini namba 5918: maswali mnayoniuliza kila siku

Tangu mfano huu mdogo wa injini ya treni ushuke mezani na kuanza kutembea relini, naulizwa maswali yale yale: na majirani, na vijana wa shule, na wastaafu wa reli, hata na fundi wa friji aliyekuja kwa kazi nyingine akakaa saa mbili. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Yale yenye mengi nimeyapa nafasi yake.

Huu ni mfano wa injini gani hasa?

Ni injini ya mvuke namba 5918, jina lake Mount Gelai, ya daraja la 59 la Reli ya Afrika Mashariki. Injini za daraja hili zilikuwa 34, namba 5901 hadi 5934. Zilitengenezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock kilichokuwa Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Kenya, Uganda au Tanganyika.

Hakuna injini ya mvuke iliyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja, popote duniani, ikazizidi hizi kwa ukubwa au kwa nguvu. Uzito wake ulikuwa kama tani 256, urefu karibu mita 32, silinda 4, magurudumu 28. Nguvu yake ya kuvuta ilihesabiwa pauni 83,350, yaani karibu tani 38. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mitambo mikubwa ni ya wenzetu huko mbali. Huu ulikuwa wetu, ulipimwa kwa njia yetu, na uliendeshwa na watu wa hapa.

Mbona inaonekana kama injini mbili zilizopeana migongo?

Kwa sababu ndivyo ilivyo. Ni injini mbili zinazokula mvuke wa boila moja. Mwingereza Herbert William Garratt alipata hataza ya wazo hili mwaka 1907, na mbili za kwanza zilipelekwa Tasmania mwaka 1909. Ndiyo maana aina hii inaitwa Garratt mpaka leo.

Fikiria machela inayobebwa na watu wawili kwenye kijia chenye kona nyingi. Wa mbele anafika konani kwanza, anageuka. Wa nyuma bado anatembea moja kwa moja. Mgonjwa aliye katikati analala ametulia. Basi mgonjwa ndiye boila, na wabebaji ndio hizo seti mbili za magurudumu, kila moja na silinda zake. Ya mbele imebeba tanki la maji, ya nyuma imebeba mafuta na maji mengine.

Uzuri wake hauishii konani. Kwenye injini ya kawaida boila imekaa juu ya magurudumu, kwa hiyo chumba cha moto kinabanwa. Kwenye Garratt chini ya boila hakuna gurudumu hata moja. Mhandisi anaweza kuifanya fupi na nene, na chumba cha moto akakipa upana na kina anachotaka. Boila ya daraja la 59 ina kipenyo cha karibu mita 2.3, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli inayoibeba! Ukisimama mbele yake kwa mara ya kwanza, hilo ndilo linalokushika: unene ule juu ya reli nyembamba vile.

Kwa nini njia yetu ilihitaji dude kubwa hivyo?

Mombasa iko baharini. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kati yao kuna kilomita 530 hivi za reli, nayo ilikuwa njia moja tu ya kupandia na kushukia, yenye miinuko ya 1 kwa 66, yaani kupanda mita 1 kila mita 66. Baada ya vita vya pili vya dunia shehena ilikuwa inarundikana bandarini Kilindini. Ukiwa na njia moja huwezi kuongeza treni bila mwisho, kwani zinasubiriana kwenye stesheni za kupishania. Dawa ni kufanya kila treni iwe nzito zaidi. Injini hizi zilivuta treni za tani 1,200 kupanda kutoka pwani.

Zilichoma mafuta mazito, si makaa ya mawe. Na kwa kuwa safari ilikuwa ndefu, treni ilibeba vikosi viwili vya wafanyakazi: dereva na fayamani wake, yaani mtunza moto, wako kazini, wenzao wamelala kwenye behewa lao la kulala nyuma ya injini. Wakifika mahali pa kubadilishana, wale wanaamka, hawa wanajilaza. Likumbuke behewa hilo, nitalirudia.

Umetumia kipimo gani?

1 kwa 87. Reli ya mita moja ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, na reli ndogo za milimita 12 zinapatikana tayari madukani, kwa hiyo tofauti ni nusu milimita tu. Mfano una urefu wa sentimita 36 na nusu, gurudumu la kuendesha lina kipenyo cha milimita 15.8, na boila ni nene kidogo kuliko kidole gumba changu.

Kuna hesabu moja inayowashangaza watoto, nami huwafanyia kila wakija. Urefu unagawa kwa 87, upana kwa 87, kimo kwa 87. Uzito basi unaugawa kwa 87 mara tatu. Tani 256 zinageuka gramu 390 hivi, sawa na maembe mawili ya wastani.

Vipimo ulivipata wapi?

Vingi nilivipima kwa mkono wangu. Mount Gelai yenyewe iko kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, karibu na stesheni kuu. Niliomba ruhusa nikaenda siku mbili na futi ya kamba, daftari, na mpwa wangu wa kushika ncha ya pili. Picha tulipiga zaidi ya mia sita, nyingi za sehemu ambazo hakuna anayezipiga picha: chini ya tanki, nyuma ya ngazi, mahali mabomba yanapoingia.

Kupima kwa mkono kunakufundisha kitu ambacho mchoro haukuambii. Nilipoinama kupima gurudumu, futi 4 na inchi 6, niliona ukingo wa chuma umelika upande mmoja kuliko mwingine. Hayo ni maelfu ya kona. Nikasimama pale na futi mkononi, mpwa wangu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Kisha kuna yale yasiyopimika, ambayo nimeyapata kwa mzee mmoja jirani aliyekuwa fita, yaani fundi wa kufunga mitambo, wa karakana ya reli. Nilimpelekea mfano wa kwanza kabla ya kupaka rangi. Shikamoo, marahaba, akaupokea kwa mikono miwili, akaugeuza chali kama mtu anayemkagua kuku. Hakusema neno kwa muda. Halafu akaweka kucha ya kidole kidogo kwenye bomba la mvuke linalotoka kwenye boila kwenda kwenye silinda za mbele.

"Hili bomba umelifanya gumu," akasema.

Nikamwambia, "Ndiyo, Mzee, ni kipande kimoja."

"Basi mwanangu, kona ya kwanza tu limekatika. Hapa pana kiungo. Duara ndani ya duara, linazunguka. Tulikuwa tunakipaki kiungo hiki, kukijaza kizibo mvuke usivuje, mpaka mikono inaota malengelenge."

Alikuwa sahihi. Kwenye picha zangu kiungo kipo, nilikiona nikadhani ni mkunjo wa bomba tu. Nimekitengeneza upya kwa shanga ya shaba ya milimita 3 ndani ya kikombe kidogo, nacho sasa kinazunguka. Anayeutazama mfano kutoka juu hatakiona. Mimi kwangu hicho ndicho kipande kinachoufanya uwe Garratt na si sanamu yake.

Inapita kona vizuri?

Sasa ndiyo. Mara ya kwanza ilianguka kila kona ya kulia, na kila kona ya kulia peke yake. Nilihangaika wiki tatu: nikabadilisha magurudumu, nikalaumu reli, nikailaza reli upya. Mwishowe nikachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, nikapima fremu mbili kandokando. Karakana iliyonichapia vipande kwa printa ya pande tatu ilikuwa imeipunguza fremu ya mbele milimita 2 ili itoshe kwenye sahani yao, bila kuniambia. Kwa hiyo mhimili wa kugeukia haukuwa katikati, na ngazi ya upande wa kulia ilikuwa inagonga tanki. Milimita 2 hapa ni sentimita 17 kwenye injini ya kweli.

Ushauri wangu: pima kila kipande ukikipokea, kabla ya kubandika chochote.

Baada ya kuchapa fremu mpya, mfano unapita kona ya nusu kipenyo cha sentimita 45 bila kusita. Watu wengi hawaamini kwamba kitu kirefu hivi kinaweza. Injini ya kawaida ya urefu huo isingeweza, ila hii urefu wake umekatwa vipande vitatu vinavyojua kugeuka.

Rangi hiyo inaitwaje? Mbona si nyeusi?

Ni damu ya mzee. Injini za mvuke za nchi nyingi zilikuwa nyeusi. Zetu zilipakwa rangi hii nzito inayoonekana kahawia kivulini na nyekundu juani. Hapo ndipo kazi ilipo. Kopo la kwanza nililouziwa kama damu ya mzee lilikauka likawa rangi ya chokoleti. Nikalikwangua lote kwa msasa laini. La pili lilikuwa jekundu mno. Mwishowe nilichanganya mwenyewe: nyekundu, nyeusi kidogo, na tone la buluu, nikapaka kwenye kipande cha bati, nikaenda nacho makumbusho saa nne asubuhi na tena saa kumi jioni, nikakiweka karibu na ubavu wa injini. Kilipokubali saa zote mbili, nikapaka.

Jambo jingine: rangi ikiwa ya sahihi kabisa, kwenye kitu kidogo huonekana nyeusi kuliko ilivyo. Nimeongeza nyeupe kidogo sana. Mafundi wenzangu wengine hawakubaliani na hilo, lakini mimi naamini macho.

Sehemu za shaba nimeziacha ziking'aa. Wastaafu wanawasifu sana madereva Masingasinga wa enzi zile, jinsi walivyozisugua shaba za injini zao mpaka ukajiona usoni. Injini ilipokuwa na dereva wake maalumu, ilitunzwa kama farasi wa harusi.

Bomba la moshi limekuwaje, mbona limebanwa?

Swali zuri, na wanaoliuliza huwa wanajua. Injini hizi zilikuja na bomba la kawaida la duara. Baadaye zikafungwa bomba la Giesl, lililobuniwa na mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen: jembamba kutoka ubavu hadi ubavu, refu kutoka mbele kwenda nyuma. Ndani yake mvuke uliokwisha kutumika hutoka kwa matundu madogo yaliyojipanga mstari, ukauvuta moshi kwa nguvu zaidi bila kuzibana silinda. Nimeweka la Giesl kwa sababu ndilo lililopo kwenye Mount Gelai leo. Anayetaka kuionyesha ilivyokuwa mwaka 1956 aweke la duara.

Inatoa moshi?

Hapana. Vifaa vya moshi vipo, lakini mafuta yake huacha utando juu ya rangi, na rangi hii nimeihangaikia.

Na huo mlio umeupataje?

Hapa naomba msikilize vizuri mkiisikia. Injini ya kawaida yenye silinda mbili hupumua mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu: cha, cha, cha, cha, sawasawa. Garratt ina injini mbili ambazo hazikufungwa pamoja kwa chuma chochote, na zote mbili zinapumulia bomba moja. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hutofautiana kidogo sana. Kwa hiyo pumzi zinaanza pamoja, nzito, kisha polepole moja inaiacha nyingine, zinakuwa nyingi na za haraka kana kwamba treni imeongeza mwendo, halafu zinarudi kuwa pamoja. Ni kama watwanga kinu wawili wanaopokezana.

Mifano mingi ya Garratt hutoa mlio mmoja uliorekodiwa. Kwangu hilo lilikuwa haliingii akilini. Nimeweka spika ndogo kwenye kila tanki, kila moja ikifuata magurudumu ya upande wake, na kila upande una mota yake. Hakuna nilichorekebisha ili zipishane. Zinapishana zenyewe kwa sababu mota mbili hazifanani. Usiku wa kwanza nilipoisikia inapanda, na pumzi zikaachana kisha zikakutana tena, niliiendesha mpaka saa nane.

Inavuta mabehewa mangapi?

Nimetengeneza ubao wa mita 2 unaoinuka sentimita 3, ambao ndio mwinuko ule ule wa 1 kwa 66. Juu yake inavuta mabehewa 22 ya mizigo. Kabla ya kuiongeza uzito ilikuwa inatelezesha magurudumu kwa mabehewa 9. Uzito nimeuweka ndani ya matanki: chubwi za wavuvi, nilizinunua sokoni kwa wauza nyavu, nikazipanga moja moja kwa gundi. Nyingine zimo ndani ya boila. Sasa ina gramu 610.

Tafadhali msiiendeshe kwa kasi. Kilomita 30 kwa saa, kwa kipimo hiki, ni chini ya sentimita 10 kwa sekunde. Treni ya tani 1,200 haipandi mlima kama bodaboda.

Unauza?

Hapana. Michoro ya kuchapia naitoa bure kwa anayetaka kujenga wake, ikiwa na ile fremu ya mbele iliyosahihishwa.

Sina printa wala kalipa. Naweza kuanza?

Unaweza, na wa kwanza kabisa niliojenga ulikuwa wa kadibodi. Anza na umbo: matanki mawili ni maboksi, boila ni bomba la plastiki la fundi wa maji. Katika kila mji wetu kuna mafundi wa jua kali wanaokunja bati kwa mkono mpaka ukadhani limetoka kiwandani. Mpelekee mmoja mchoro wenye vipimo, atakushangaza. Fundi aliyenikunjia matanki haya alikuwa hajawahi kuiona injini ya mvuke. Nilipomwonyesha picha aliuliza swali moja tu, kona za tanki ni kali au zimeviringwa, na hilo ndilo swali hasa lililohitajika.

Usianze na magurudumu. Yanakatisha tamaa. Nunua yaliyo tayari.

Ya kweli naweza kuiona wapi?

Nairobi, kwenye makumbusho niliyoyataja. Wapo dada wawili tu waliobaki kati ya 34: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Mount Gelai ilifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatembea tena kwa moto wake. Ukienda, usiondoke bila kuzunguka upande wa nyuma na kuinama kutazama mahali boila inapokaa juu ya fremu. Mlima Gelai wenyewe uko kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Natron, na Shengena ndio kilele cha juu cha milima ya Upare. Kwa hiyo zote mbili zilizobaki, ambazo ziko Kenya, zina majina ya milima ya Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoziendesha ilivunjika mwaka 1977, majina hayakubanduliwa.

Kwa nini usijenge Kilimanjaro au Mount Kenya? Zingependwa zaidi.

Zilikuwepo: 5901 ilikuwa Mount Kenya, 5928 ilikuwa Mount Kilimanjaro. Zote zilikatwa zikawa vyuma chakavu. Kubadilisha kibao cha jina na namba ni kazi ya dakika tano, na mwenye michoro yangu anaweza kuifanya. Mimi ninajenga ile niliyoigusa.

Mzee fita alisema nini ulipokamilika?

Alikuja nyumbani na mjukuu wake. Hakutaka kuiona ikienda mbio wala hakuuliza juu ya rangi. Aliniambia niisimamishe katikati ya mlima na mabehewa yote 22, kisha niiondoe. "Kuondoka mlimani ndiyo kazi," alisema. Nikaisimamisha, nikafungua umeme kidogo kidogo. Magurudumu ya nyuma yakateleza robo mzunguko, yakashika, treni ikaondoka. Akaitazama mpaka behewa la mwisho lilipopita mbele yake.

Halafu akauliza, "Wenzao wanalala wapi?"

Nilikuwa nimeweka behewa la mizigo mahali pake. Basi behewa la kulala ndilo liko mezani sasa. Paa na milango tayari, bado madirisha, na mzee ameahidi kuja Jumamosi kunionyesha jiko lilikaa upande gani.